Filamu za ubalozi kuzingirwa, na siku 111 za Stanleyville



Vijana wetu wanapenda filamu za mapigano, na katika vibanda vya video kuna hadithi moja inayorudi kila mara kwa majina tofauti. Ubalozi, ao ambasade kama wengi wanavyosema huku, unazingirwa. Ndani kuna askari wachache, balozi na makarani wake. Nje kuna umati wenye bunduki na mawe. Risasi zinalia, lango linaanguka, na mwishoni helikopta inakuja. Watengenezaji wenye pesa kidogo wanaipenda hadithi hii kwa sababu haihitaji mengi: nyumba moja, ukuta mmoja, na watu wa kukodi wa kupiga kelele nje. Walio ndani wana majina, wake na watoto. Walio nje hawana jina hata moja.

Leo tuzungumze historia, kwa sababu hadithi ya namna hiyo ilitokea kweli katika inchi yetu, pale Kisangani, wakati mji ule ulipoitwa bado Stanleyville.

Kwanza tuanzie mbali kidogo, kwenye tukio lililozaa baadhi ya filamu hizi. Tarehe 30 mwezi wa 4, 1980, watu sita wenye silaha waliingia katika ubalozi wa Iran mjini London, wakakamata watu 26. Walidai wafungwa Waarabu waliokuwa Iran waachiliwe. Siku ya sita, tarehe 5 mwezi wa 5, baada ya mateka mmoja kuuawa, makomando wa Uingereza waitwao SAS walivunja madirisha mbele ya kamera za televisheni na kumaliza kazi kwa muda wa dakika 17. Mateka mmoja zaidi alikufa, na watano kati ya wale sita wakauawa. Miaka miwili baadaye ilitoka filamu Who Dares Wins, hadithi ya kubuni iliyofuata mfano huo. Mwaka 2017 ikatoka nyingine, 6 Days, kuhusu tukio lenyewe. Siku sita, nyumba moja, na dunia nzima inaijua.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1964 uasi wa Simba ulikuwa umeenea mashariki. Wapiganaji wao, wengi wao vijana sana, walinyunyiziwa dawa na kuaminishwa kwamba risasi itageuka maji. Kilio chao kilikuwa "Mai Mulele", na jina la Mai-Mai tunalolisikia mpaka leo lina mizizi huko. Mwanzoni mwa mwezi wa nane waliingia Stanleyville, na jeshi la taifa likakimbia likiacha silaha.

Marekani ilikuwa na konsulati mjini humo. Kiongozi wake, Michael Hoyt, alikuwa na wenzake wanne. Tarehe 5 mwezi wa 8 Simba waliishambulia nyumba hiyo kwa risasi. Hapakuwa na komando juu ya paa wala bunduki kubwa dirishani. Wale watano walijifungia katika chumba cha mitambo ya mawasiliano, chenye mlango mzito wa chuma, wakangoja gizani huku risasi zikipigwa kwenye mlango. Mlango haukufunguka. Ulinzi wote wa konsulati ulikuwa ni huo, mlango mmoja. Baadaye walikamatwa, wakapigwa, wakatupwa gerezani, wakahamishwa huku na kule pamoja na wageni wengine. Walikaa mateka siku 111.

Kwa nini hasira ilielekezwa kwa Wamarekani? Filamu huwa haiulizi. Serikali ya Léopoldville, ambayo Moïse Tshombe alikuwa ameanza kuiongoza mwezi wa saba mwaka huo, ilikuwa imepewa ndege za kivita na Marekani. Ndege hizo ziliendeshwa na marubani Wacuba waliokimbia serikali ya Fidel Castro, na zilipiga sehemu za waasi. Tshombe aliita pia mamluki wazungu. Raia aliyepigwa na bomu hakuona tofauti kati ya ndege na konsulati. Hiyo haihalalishi kumtesa mtu yeyote. Inaeleza tu kwamba umati wa nje ya lango una historia yake pia.

Mazungumzo yalijaribiwa. Mzee Jomo Kenyatta wa Kenya aliongoza kamati ya Umoja wa Afrika wa wakati ule kuhusu Kongo, na tarehe 23 mwezi wa 11 balozi wa Marekani, William Attwood, alikutana Nairobi na Thomas Kanza, mjumbe wa serikali ya waasi ya Christophe Gbenye. Hawakuelewana. Kesho yake, alfajiri ya tarehe 24, ndege za Marekani ziliangusha juu ya uwanja wa ndege wa Stanleyville askari wa miavuli wa Ubelgiji zaidi ya 300, chini ya Kanali Charles Laurent. Simba waliwatoa mateka karibu 250 katika Hoteli Victoria, wakawakalisha barabarani, kisha wakafyatua risasi. Karibu 20 walikufa papo hapo. Daktari Paul Carlson, mmisionari Mmarekani aliyekuwa akitibu watu kule Wasolo, aliuawa siku hiyo. Kabla yake, waasi walikuwa wamemtangaza kuwa meja na jasusi. Hakuwa askari. Sisi wa redio tunapaswa kulikumbuka jambo hilo: neno likishatoka hewani, hubaki limemwandama mtu. Michael Hoyt na wenzake wanne walitoka hai.

Wageni zaidi ya 1,500 walisafirishwa, na siku chache tu baadaye askari wa Ubelgiji wakaondoka. Hapo ndipo filamu ingeandika neno "mwisho."

Lakini kwa wenyeji haukuwa mwisho. Wakati wa zile siku 111, Simba walikuwa wameua Wakongomani wengi hadharani mbele ya mnara wa Patrice Lumumba: watumishi wa serikali, viongozi, watu waliosoma. Jeshi la taifa na mamluki waliporudi, walilipiza kisasi juu ya kila aliyeshukiwa kuwa Simba. Maelfu ya Wakongomani walikufa katika uasi ule. Majina ya wazungu waliouawa yaliandikwa, na baadhi yako katika vitabu na kwenye makaburi yanayotembelewa. Majina ya wengi wa watu wetu hayako popote.

Wenye sinema nao walikuja baadaye. Mwaka 1968 ilitoka filamu Dark of the Sun, kuhusu mamluki na treni katika vita ile ya Simba. Ilipigwa Jamaika. Kongo yenyewe ilibaki kuwa jina na umati wa nyuma.

Kisangani iliona tena siku sita, zisizofanana na zile za London. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 mwezi wa 6, 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda, yote mawili yakiwa ya kigeni, yalipigana katikati ya mji kwa mabomu. Mamia ya raia walikufa majumbani mwao. Hakuna mwavuli uliofunguka angani kwa ajili yao.

Lakini jambo moja lilifanyika, na ndilo ninalotaka mlichukue. Kongo iliishtaki Uganda katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule La Haye. Hukumu ya tarehe 19 mwezi wa 12, 2005, ilisema Uganda ilivunja sheria kwa kuivamia Kongo na kwa mateso ya raia, Kisangani ikiwemo. Hukumu hiyohiyo ilisema pia kwamba Kongo ilikosa, kwa sababu mwaka 1998 askari wake walishambulia ubalozi wa Uganda mjini Kinshasa na kuwatesa watu waliokuwamo. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 unataka serikali iulinde ubalozi ulio katika ardhi yake, hata ubalozi wa adui. Sheria haikuchagua: iliangalia ndani ya ukuta, ikaangalia na nje.

Tukumbuke hilo pia kwa sababu ya yaliyotokea karibuni. Goma ilipoangukia mikononi mwa M23, waandamanaji wa Kinshasa walishambulia balozi kadhaa tarehe 28 mwezi wa 1, 2025, zikiwemo za Ufaransa, Rwanda na Kenya. Uchungu ule tunauelewa kuliko mtu yeyote, maana waliofukuzwa majumbani ni sisi. Lakini kuchoma lango hakukumrudisha mhami hata mmoja shambani kwake, na mbele ya majaji kunaweza kuhesabiwa dhidi yetu.

Kilichotusaidia ni karatasi, tena hazikutosha. Kongo ilidai zaidi ya dola bilioni 11. Tarehe 9 mwezi wa 2, 2022, mahakama ilitoa dola milioni 325, na kati ya hizo milioni 225 ni kwa ajili ya watu waliouawa ao kuumizwa. Majaji walisema ushahidi wa hesabu kubwa zaidi haukuwepo. Ilibidi wakadirie tu kwamba waliokufa ni kati ya 10,000 na 15,000. Fikirini upana wa hesabu hiyo: watu 5,000 wanaweza kuwepo ao wasiwepo, kwa sababu hakuna aliyewaandika.

Kwa hiyo, mama uliye kambini, baba, kijana unayejua kuandika: chukua kadaftari. Andika jina la aliyekufa, kijiji chake, tarehe, nani aliona. Andika shamba lililoachwa na nyumba iliyochomwa. Usitie jina la mtu unayemshuku bila kuona kwa macho. Weka nakala mbili, moja kwa mtu unayemwamini, na usitembee nayo njiani penye vizuizi vya wenye silaha.

Filamu zitaendelea kutengenezwa, na watoto wetu wataziangalia. Wakiuliza wale watu wa nje ya lango walikuwa nani, inafaa tuwe na majina ya kuwaambia.