Kuvuja damu: swali la daktari, kazi ya tarakilishi

Leo historia kidogo.

Warfarin ilianza kama sumu ya panya, Marekani, 1948. Mwaka 1954 ikaidhinishwa kwa binadamu, izuie damu kuganda. Hatari ikabaki ileile: kuvuja damu.

Kuvuja kukubwa ni kupi? Mwaka 2005 wataalamu wa ISTH walijibu: kunakoua, kunakotokea mahali nyeti kama ubongoni, kunakoshusha hemoglobini gramu 2 au zaidi kwa desilita, au kunakomfanya mgonjwa aongezwe uniti 2 za damu au zaidi. Mimi mtu wa programu nikisoma hapo naona masharti yaliyo tayari kuandikwa.

Oktoba 2010 ikaidhinishwa dabigatran, na ripoti za kuvuja damu zikamiminika. Dawa ni mbaya, au inaripotiwa sana kwa kuwa ni mpya? Mwaka 2012 FDA ilihesabu misimbo kwenye rekodi za bima: haikuonekana kuzidi warfarin. Mwaka 2014, rekodi za wazee zaidi ya 134,000 zikaonyesha damu ya ubongoni imepungua, ya tumboni imeongezeka.

Tatizo? Rekodi za bima hubeba misimbo, mara nyingi bila kipimo cha hemoglobini. Masharti ni mazuri, lakini tarakilishi haihesabu kisichoandikwa.