Asili ya Jaribio la t na Mafunzo ya Takwimu katika Saikolojia

Mwanafunzi aingiapo mwaka wa kwanza wa saikolojia hudhani amekuja kujifunza mambo ya nafsi ya binadamu. Mara hukabidhiwa kanuni za hesabu. Hukariri wastani, mkengeuko sanifu, kisha jaribio la t, lile lipimalo kama tofauti baina ya wastani mbili yaweza kuwa ya bahati tu. Hufaulu mtihani bila kujua ni swali gani lililoizaa kanuni hiyo. Kwa maoni yetu, kasoro haitokani na udhaifu wa wanafunzi katika hesabu, bali yatokana na kufundisha kanuni iliyotengwa na historia yake.

Mwasisi wa jaribio hilo hakuwa mwanasaikolojia. William Sealy Gosset, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1876 na kusomea kemia na hisabati Oxford, aliajiriwa mwaka 1899 na kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin. Humo utafiti ulimpa vipimo vichache mno, ilhali nadharia iliyokuwapo ilihusu sampuli kubwa. Mwaka 1906 alikwenda London kusoma kwa Karl Pearson, na mwaka 1908 makala yake ikatoka katika jarida la Biometrika kwa jina la "Student", yaani Mwanafunzi, kwani kiwanda hakikuwaruhusu watumishi wake kuchapisha kwa majina yao.

Ili kuzihakiki hesabu zake, alichukua vipimo vya wahalifu 3000, urefu wa mwili na wa kidole cha kati, akaviandika kwenye vipande vya karatasi ngumu, akavichanganya vema, akavigawa vinne vinne, akapata sampuli 750. Kazi kama hiyo yaweza kufanywa darasani kwetu bila kompyuta wala umeme, nasi hatujui zoezi lionyeshalo kuyumba kwa wastani vizuri kuliko hilo.

Mfano wake wa kwanza ulihusu wagonjwa 10 na dawa mbili za usingizi. Tisa walilala zaidi kwa dawa ya pili kuliko kwa ile ya kwanza. Mmoja hakuonyesha tofauti yoyote. Wastani wa tofauti ulikuwa saa 1.58. Hitimisho lake alilieleza kama mtu awekaye dau: takriban 666 kwa 1 kwamba dawa ya pili ilikuwa bora. Kiwango cha 0.05, ambacho wanafunzi wetu hukiheshimu kama sheria, hakimo katika makala hiyo. Ni R. A. Fisher, katika kitabu chake cha mwaka 1925, aliyekipendekeza kuwa mpaka ufaao kwa matumizi. Baadaye vitabu vya saikolojia vikaugeuza mpaka huo kuwa amri.

Fisher aliunukuu mfano uleule wa wagonjwa 10, na wengine wakaunukuu kwake. Kumbe Student alikosea majina ya dawa alipozinakili takwimu kutoka ripoti ya Cushny na Peebles ya mwaka 1905. Mwaka 1994 Stephen Senn na William Richardson waliirudia ripoti hiyo ya awali na kulieleza kosa. Hesabu yenyewe ilikuwa sahihi muda wote huo: aliyekokotoa t akapata 4.06 alistahili alama zake zote, hali hajui wagonjwa wale walipewa nini.