Gari inagonga chini? Na je, oili ya giaboksi ubadili au uache?

Hizi gari za mtumba toka Japani, barabara mbovu ikizikung'uta kidogo tu unasikia ko ko ko chini. Kwa fundi jibu mara nyingi ni moja: shokapu zimekufa. Tulia kwanza.

Bonyeza kona ya gari kwa nguvu, iachie. Ikinyanyuka na kutulia, shokapu bado ipo. Ikinesa mara mbili tatu, au imevuja oili, kweli imekwisha. Ila kama inatulia vizuri na bado inagonga kwenye vishimo vidogo, anza na stabilaiza linki. Ni kifimbo chenye nati mbili, bei rahisi, unabadili mwenyewe. Legeza nati za tairi gari ikiwa chini, piga jeki, weka stendi, toa tairi. Nyanyua pande zote mbili za mbele, maana ukinyanyua upande mmoja stabilaiza inajikaza na linki inagoma kutoka. Na usiingie chini ya gari inayoshikwa na jeki peke yake!

Shokapu za mbele za Corolla na ndugu zake usifungue. Ile nati ya katikati juu ndo imeishikilia springi iliyobanwa. Ukiitoa bila kibanio cha springi inafyatuka, na hiyo inaua. Mpe fundi, ila hakikisha naye anacho kibanio, siyo waya na nyundo.

Haya, giaboksi otomatiki. Toyota nyingi zenye stiki unapima injini ikiwa ya moto na inaunguruma, sehemu tambarare, baada ya kupitisha gia zote na kurudi P. (Honda unazima kwanza.) Oili nyekundu, iache. Ya kahawia na gia zinaingia vizuri, mimi nabadili. Nyeusi, inanuka kuungua na gia zinateleza? Hapo pleti zimeshalika, oili mpya haitazirudisha. Weka hela ya giaboksi. Wanaosema "oili mpya imeua giaboksi" wengi walibadili wakiwa wamefikia hapo.

Ukimwaga kwa nati ya chini inatoka sehemu tu, nyingine inabaki kwenye tokonveta. Pima iliyotoka, rudisha kiasi hichohicho, tembelea siku kadhaa, rudia. Aina soma kwenye stiki au kitabu cha gari. T-IV siyo WS, na CVT ina oili yake kabisa, usikubali kuchanganyiwa dukani.