Bukavu: Kofre ya umeme iliyobaki ukutani tangu wakati wa Wabelgiji

Ndani ya nyumba za zamani za komine ya Ibanda, kuna kofre za umeme ambazo zilifungwa ukutani wakati wa ukoloni na ambazo hazijabadilishwa. Ukifungua, unakuta fizibu za porseleni nyeupe, mbili ao ine, na katika kila moja uzi mwembamba.

Kazi ya uzi ule ni kukatika. Umeme ukizidi kiasi, unayeyuka mbele waya za ukutani zipate moto. Mmarekani Thomas Edison alipata hati ya fizibu ya namna hiyo mwaka wa 1890, na nyumba za wazungu wa Costermansville, jina la zamani la Bukavu, zilikingwa kwa njia hiyohiyo. Nyumba ya wakati ule ilikuwa na taa chache, redio, pengine pasi. Fizibu mbili zilitosha.

Kisha mji ukakua. Mtambo wa Ruzizi I ulianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II, wa Kongo, Rwanda na Burundi kwa pamoja, ukafuata mwaka wa 1989. Ndani ya nyumba zilezile wakaingia frigo, televizyo, reshu ya umeme na simu za kuchaji. Viwanja vikagawanywa, nyumba ndogo zikajengwa nyuma, nazo zikavuta waya kutoka kofre ileile.

Hapo ndipo hatari ilianzia. Fizibu ikiungua, na ya kuinunua haipatikani dukani, watu wanafunga kipande cha waya wa shaba pahali pake. Taa zinawaka tena, kila mtu anafurahi. Lakini waya ule haukatiki. Kinachoungua sasa ni nyumba. Delestaji inazidisha mambo: umeme ukienda, reshu na pasi vinasahauliwa kwenye prizi, na ukirudi vyote vinavuta kwa mara moja. Katika mitaa ya mbao iliyobanana kama ile ya Kadutu, moto wa nyumba moja hauishii kwa mwenyewe.

Dawa ilijulikana zamani. Mwaka wa 1924, huko Ujerumani, Hugo Stotz alivumbua dijonkteri ndogo ya nyumbani, inayojikata yenyewe na kurudishwa kwa kidole, bila uzi wa kutafuta. Baadaye ikaja diferansieli, inayokata umeme unapopotea kupitia mwili wa mtu. Ubelgiji wenyewe uliiweka katika sheria zake za umeme za mwaka wa 1981. Kofre walizoacha Bukavu zilibaki vilevile.

Lakini kubadilisha kofre peke yake hakutoshi. Fundi wa kweli anakata umeme kwanza, kisha anaangalia waya. Zile za miaka ya 1950 zilivikwa mpira na kitambaa. Mpira ule umekauka na unapasuka ukiguswa. Waya wa milimita 1,5 unalindwa na dijonkteri ya ampea 10 ao 16, ule wa 2,5 na ya 20, si zaidi. Anayeweka ya 32 kwenye waya mwembamba ili isijikate-kate amerudia kosa la waya wa shaba, kwa bei kubwa zaidi. Inafaa pia kuchimbia nyumba waya wa ardhi, maana nyingi za zamani hazina, na kufunga diferansieli ya miliampea 30 mbele ya prizi za jikoni na za bafu.

Inabaki swali la nani alipe. Mwenye nyumba anasema mpangaji ndiye aliyeleta frigo na reshu; mpangaji anajibu kwamba ukuta si wake. Wakati wanabishana, kipande cha shaba kimekaa ndani ya porseleni, na watoto wanalala chumba cha pili.