Dawa Iliyobeba Maradhi

Hemofilia ni maradhi ya kurithi. Damu haigandi ipasavyo, na wanaougua ni wavulana hasa. Penye jando hujitokeza mapema. Huku Bariadi, ambako zamani Wasukuma hawakutahiri, ilibidi goti livimbe kwanza, na goti likivimba nani atafikiria damu?

Miaka ya 1970, Marekani na Ulaya zilipata unga wa kugandisha damu, uliochujwa katika damu ya maelfu ya watu. Kijana alijidunga nyumbani, akaenda zake shuleni. Kumbe mtoaji mmoja mwenye virusi alitosha kuchafua fungu zima! Julai 1982 Marekani ilitangaza wagonjwa watatu wa hemofilia walioishiwa kinga ya mwili. Ryan White wa Indiana aligunduliwa kuwa na UKIMWI Desemba 1984, akiwa na miaka 13, shule ikamkataa. Alifariki Aprili 8, 1990. Wakati huo unga ulikwisha kuanza kupashwa moto kuua virusi.

Bariadi ilikuwa bado Mkoa wa Shinyanga. Simiyu ilizaliwa 2012. Unga ule ulikuwa ghali mno kwetu. Nami sijui kama niushukuru umaskini huo, maana aliyevuja damu aliongezewa ya jamaa zake, na UKIMWI ulikwisha gunduliwa Kagera mwaka 1983.