Singeli na Mizani Nane za "Hainaga Ushemeji"

Wapo washairi wanaoamini kwamba singeli ni makelele ya vijana wa Tandale na Tandika, na kwamba lugha yake haistahili kujadiliwa pamoja na tungo zetu. Mimi naona inastahili, na historia yake yenyewe ndiyo shahidi wangu.

Singeli haikuzuka ghafla. Katika miaka ya 1990, uswahilini kote Kinondoni na Temeke kulivuma mchiriku, ambao wengine waliuita mnanda. Midundo yake ilitokana na ngoma za pwani, hasa za Wazaramo, wenyeji wa eneo hili. Juu ya ngoma hizo waliongeza kinanda kidogo cha Casio, sauti yake ikipitishwa katika vipaza sauti. Jagwa Music ni miongoni mwa vikundi vilivyoifikisha sanaa hiyo hadi Ulaya. Nyumbani, mahali pake palikuwa sherehe za mtaani, hususan mikesha ya harusi iliyokuja kuitwa vigodoro.

Baadaye kompyuta ikachukua nafasi ya kinanda. Watayarishaji walikata vipande vya ala za taarabu na mchiriku, wakavizungusha kwa kasi ya mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Juu ya kasi hiyo kijana "huchana", yaani hughani maneno mfululizo. Msaga Sumu alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuvuma. Mwaka 2016 wimbo wa Man Fongo, "Hainaga Ushemeji", ulisikika nchi nzima. Mwaka uliofuata, kazi za studio ya Sisso iliyopo Mburahati zilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala.

Sasa tulitazame neno "hainaga". Kiambishi -ga cha mazoea hakimo katika Kiswahili sanifu, lakini kimo katika Kisukuma, Kinyakyusa na lugha nyingine nyingi za Kibantu. Wataalamu hukihesabu miongoni mwa viambishi vya kale vya lugha hizo. Dar es Salaam ilikuwa na watu takribani 273,000 mwaka 1967. Sensa ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Wengi wa waliokuja walitoka bara, wakaja na kiambishi chao. Hivyo, katika singeli, mdundo wa Mzaramo umebeba sarufi ya bara. Pwani na bara zimeoana mtaani.

Tena, kiambishi hicho kina kazi. Hu- yetu ya mazoea haipokei nafsi wala haina ukanushi wake. Tunasema "huja", lakini tukitaka kukanusha mazoea hatuna budi kuomba msaada wa kitenzi kingine: "huwa haji", "huwa haina". Kiambishi -ga huingia bila taabu: hainaga, hajagi, nilikuwaga.

Mshairi na ahesabu. "Huwa haina ushemeji" ni mizani tisa. "Hainaga ushemeji" ni ha-i-na-ga-u-she-me-ji: mizani nane kamili, kipande cha shairi la kimapokeo. Sidai kwamba mtunzi alihesabu kwa vidole. Nasema sikio lake lilikubali kipimo kilekile ambacho masikio ya wahenga wetu yalikikubali, na -ga ndiyo iliyomwezesha.

Mwalimu ataendelea kulisahihisha neno hilo katika insha, na ana haki, kwa kuwa mtihani hupima Kiswahili sanifu. Lakini usanifu ni uteuzi. Mwaka 1928, mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi. Kimvita na Kiamu havikugeuka kuwa makosa siku hiyo. Washairi wa Mombasa na Lamu waliendelea kuvitumia, nasi hadi leo tunawasifu kwa utajiri wa lugha. Kwa nini basi neno la Lamu liwe pambo, na la Tandale liwe doa?

Si kila wimbo wa singeli ni mzuri, kama ambavyo si kila shairi lenye vina ni shairi. Uzuri uamuliwe kwa kusikiliza. Tukiwakataa vijana hawa kabla ya kuwasikiliza, wao wataendelea kutunga, na sisi tutabaki na mizani isiyo na wa kuimba.