Kushika barabara katika Gran Turismo

Kushika barabara, katika gemu za mbio za magari zinazoiga uhalisia, ni uwezo wa gari kuitikia usukani, breki na mafuta bila kutoka kwenye njia aliyoichagua dereva. Hapa unaelezwa kupitia Gran Turismo, mfululizo wa PlayStation uliobuniwa na Kazunori Yamauchi na kuanza kuuzwa Japani Desemba 1997. Mkazo uko kwenye toleo la Gran Turismo 7, lililotengenezwa na studio ya Polyphony Digital na kutolewa Machi 2022 kwa PS4 na PS5.

Mchezaji mpya wa toleo hilo hutumwa kwanza kwenye yadi ya magari yaliyotumika, akachague kati ya Toyota Aqua, Honda Fit na Mazda Demio, magari ambayo mkazi wa Dar es Salaam au Nairobi hukutana nayo kila siku kwenye foleni. Yote matatu huvutwa na magurudumu ya mbele, na yote humfundisha tatizo lile lile. Anafika kwenye kona na kasi yake, anakata usukani mpaka mwisho, na gari linazidi kwenda mbele kama halijaambiwa kitu. Wengi hapo hukimbilia duka la vipuri, ilhali kosa mara nyingi liko vidoleni.

Tairi lina kiasi maalumu cha kung'ang'ania lami, na kiasi hicho hugawanywa kati ya kufunga breki, kukata kona na kusukuma gari. Kikitumika chote kwenye breki, usukani haupati chochote. Kwa hiyo breki kali hupigwa gari likiwa limenyooka. Kisha kitufe cha breki, L2, huachiwa polepole kadiri usukani unavyokatwa. Breki hulaza uzito mbele na kuyakandamiza matairi yanayoongoza, hivyo anayeiachia ghafla huinua pua na kupoteza mshiko palepale anapouhitaji. Mafuta nayo huongezwa kadiri usukani unavyorudi. Mbinu hii si ya kwenye skrini tu: Lucas Ordóñez wa Hispania, mshindi wa kwanza wa mashindano ya GT Academy ya Nissan na Sony, alitoka kwenye gemu akaingia katika mbio halisi, na mwaka 2011 timu yake ilishika nafasi ya pili katika daraja la LMP2 kwenye mbio za saa 24 za Le Mans.

Kwa anayetumia padi, kijiti cha usukani kisukumwe kidogo kidogo. Kukibamiza hadi ukingoni huyaburuza matairi ya mbele badala ya kuyageuza. Kidhibiti mtelezo kikiwekwa juu sana huzima nguvu wakati wa kutoka kwenye kona. Ngazi 1 au 2 hutosha magari mengi ya kawaida, na hubadilishwa hata mbio zikiendelea.

Kipuri cha kwanza kununua ni matairi. Gemu huyapanga yale ya lami kavu katika makundi ya starehe, spoti na mashindano, kila kundi likiwa na magumu, ya kati na laini. Hakuna springi inayoweza kufidia tairi baya, na anayetengeneza gari lote kabla ya kugusa matairi anapoteza fedha zake.

Baada ya hapo ndipo huja springi, shokapu na stabilaiza. Kanuni inayosaidia zaidi ni kwamba upande uliokazwa kupita mwenzake ndio hutangulia kuteleza. Pua ikikimbilia nje, legeza stabilaiza ya mbele au kaza ya nyuma, hatua moja kwa mara moja, kisha zunguka tena. Mkia ukichomoka, fanya kinyume. Mlalo wa magurudumu kuelekea ndani huyasaidia matairi ya nje kulala vizuri bodi inapoinama, lakini ukizidi hupunguza mshiko wa breki kwenye barabara iliyonyooka. Matairi ya nyuma yakielekezwa ndani kidogo kwa mbele, mkia hutulia.

Difu ndiyo inayowachanganya watu, na inastahili subira. Ina vipimo vitatu: ukazo wa mwanzo, ukazo wakati wa mafuta na ukazo wakati wa kufunga breki. Katika gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, ukazo wa mafuta ukiwa mdogo mno, gurudumu la ndani huzunguka bure. Ukiwa mkubwa mno, yote mawili huteleza pamoja na gari hugeuka nyuma mbele. Ukazo wa breki hutuliza gari linapoingia kwenye kona, ila ukipita kiasi gari hugoma kukata. Mgawanyo wa breki kati ya mbele na nyuma hurekebisha kosa hilo hilo kwa urahisi zaidi, nao hubadilishwa ndani ya mbio.

Hakuna mpangilio unaofaa kila mahali. Gari lililoshushwa chini na kukazwa kwa ajili ya lami laini hurukaruka kwenye njia ya mbio ya Nordschleife ya Ujerumani, yenye kilomita 20.8 za miinuko, mabonde na kingo zinazolirusha tairi hewani. Huko bodi huinuliwa milimita kadhaa na springi hulegezwa, na kwa kuwa gemu huruhusu kuhifadhi karatasi kadhaa za vipimo kwa gari moja, wachezaji wazoefu huiwekea njia hiyo karatasi yake peke yake.